Barua ya wazi kwa Gavana wetu: tuachie tuuze vitu vya kuuzwa, lakini pinde za wazee ziondolewe kwa mnada

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mmoja wa wale tunaojitolea kwa makumbusho madogo ya jamii, ile nyumba ya kaunti yenye paa la mabati karibu na soko, na nakuandikia hapa mbele ya watu wote juu hii maneno si yangu peke yangu, ni ya kila familia huku Ukambani iliyotuletea upinde wa babu yao ikatuamini nao. Ninachoomba nakisema mapema: tuachie tuuze vile vitu vya mchezo wa kulenga mishale tulivyopewa vya kuuzwa, pesa ibaki kwa makumbusho, na pinde za wazee ziondolewe kabisa kwa ile orodha ya mnada wa kaunti.

Nieleze vile tumefika hapa. Paa linavuja. Mvua ya Novemba ikija tunasukuma makabati yote upande mmoja tunafunika na karatasi za nailoni, na mlinzi wa usiku tunamlipa kwa mchango wa wanakamati, mwezi mwingine analipwa nusu. Wanamichezo wa kulenga mishale, wale wanaotumia pinde za kisasa za fibaglasi, wakasikia shida yetu wakatuletea maboksi, ndani kuna pinde zilizostaafu, medali, tishati zenye sahihi, mabango ya mashindano ya zamani, hadi zile karatasi za shabaha zenye matundu, na kila boksi lilikuja na barua iliyosainiwa inayosema uzeni mtengeneze paa. Hapo hakuna utata hata kidogo, mwenye kitu ametoa na amesema anataka kifanye nini. Na wanunuzi wapo Mheshimiwa. Mchezo huu wengi hawaufuatilii lakini mwaka wa 2016 kule Rio de Janeiro aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi wa Olimpiki alikuwa mlenga mishale, Shehzana Anwar, na tangu hayo maboksi yafike tumeulizwa bei na walimu wa michezo na vijana wanaotaka kuanza, hata wenzetu walio ng'ambo.

Sasa ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu sitaki kugombanisha watu, ikatuambia kwamba chochote kilicho ndani ya nyumba ya kaunti ni mali ya kaunti, kiandikwe, kiuzwe kwa mnada mmoja na pesa iingie kwa mapato ya kaunti. Orodha ilipotoka tukaona wameandika "pinde na mishale, mchanganyiko" na kwa huo mchanganyiko wameweka tishati za juzi pamoja na podo za ngozi, zile za kubebea mishale, zilizotoka darini kwa familia za watu, yaani kitu mtu ametoa kiuzwe na kitu mtu ametoa kitunzwe vimewekwa bei moja!

Mheshimiwa, mshale wa Mkamba si kijiti chenye chuma. Ule wa sumu una kichwa kinachochomoka, mnyama akipigwa ule mti unaanguka lakini kichwa kinabaki mwilini, na kwa kile kichwa kuna chapa ya ukoo imechongwa, ndio mnyama akienda kufia mbali asiibiwe, kila mtu anajua ni wa nani. Chapa hiyo hiyo ya ukoo utaipata kwa ng'ombe na kwa mizinga ya nyuki. Kuna mama mmoja mzee alikuja na wajukuu wake wa shule, akashika mshale mmoja pale kwa meza, akaugeuza kwa mwanga wa dirisha akasema huu ni wa kwetu, hii chapa ndiyo iko kwa mizinga ya mume wangu, na aliyeuleta alikuwa mtu wa lokesheni nyingine kabisa ambaye hata yeye hakujua babu yake aliupata wapi. Hao wajukuu walikaa pale mpaka tukafunga. Ukiuza huo mshale kwa mnada unampa mnunuzi chuma chenye kutu, na familia mbili zinapoteza ushahidi kwamba wazee wao walijuana.

Kuna pia jambo la usalama ambalo aliyeandika hiyo orodha hakulifikiria. Ile sumu, ivai, inachemshwa kutoka kwa mti wa porini mpaka inakuwa nzito nyeusi kama lami, inapakwa kwa kichwa cha mshale halafu inafungwa na ngozi nyembamba isikauke, na inaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi sana. Sisi mishale ya aina hiyo tunaiweka kwa kabati la kioo lililofungwa na hakuna mtoto anayeigusa. Mnadani itapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akijaribu ncha kwa kidole aone kama ni kali. Tafadhali hilo pekee lingetosha kusimamisha.

Na sheria nazo. Mishale mingi ya zamani ina manyoya ya tumbusi, na podo zingine zimefunikwa ngozi ya mnyama wa porini, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahesabu ngozi na manyoya ya aina hiyo kuwa nyara, huwezi kuuza wala kununua bila kibali. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 nacho kinaingia kwa vitu vya kale vinavyolindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, hakitoki nchini bila kibali, na wewe unajua kama mimi kwamba anayenunua podo kuukuu kwa bei nzuri mara nyingi ni dalali wa kupeleka Ulaya au Marekani.

Yaliyowapata Wagiriama wa Pwani na vigango vyao, zile nguzo za mbao zilizochongwa za kuwakumbuka wazee waliokufa, tunayakumbuka. Viliibiwa pale vilipokuwa vimesimikwa, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia kwa makumbusho ya Marekani, na imechukua watu miaka mingi ya kufuatilia na kubembeleza kurudisha vichache. Kimoja kilichoibiwa 1985 kilirudi kwa familia yake 2007. Hivyo viliibiwa. Hizi za kwetu zikiuzwa na kaunti yenyewe kwa risiti, kesho tutaenda kumdai nani?

Hata huko nje kuuza ovyo kumewaletea watu shida. Mji wa Northampton, Uingereza, baraza lao liliuza sanamu ya Misri ya kale, Sekhemka, mwezi wa Julai 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 15 ili wapanue makumbusho. Sanamu ilikuwa imetolewa na familia ya kikabaila huko zamani, kwa hivyo ikabidi asilimia 45 ya pesa iende kwa mrithi wa hiyo familia, na makumbusho yakapokonywa ithibati ya kitaifa. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zinasema kitu kikiondolewa kwenye mkusanyiko wa makumbusho kikauzwa, pesa yake itumike kwa mkusanyiko peke yake. Haijasema ijaze pengo la bajeti ya idara nyingine.

Hapo ndipo tunakuhitaji wewe hasa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya makumbusho, sawa, hatubishani. Kifungu cha 207 kinasema pesa inayopokelewa na kaunti iingie kwa Mfuko wa Mapato isipokuwa ile ambayo sheria imeruhusu vingine. Lakini kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalum akikubaliwa na baraza lako la mawaziri na bunge la kaunti. Kwa hivyo njia iko. Mfuko mdogo wa makumbusho, wenye akaunti yake, ukaguliwe kama mifuko mingine, na paa litatengenezwa kabla ya mvua ijayo badala ya pesa kupotelea kwa kapu kubwa ambapo hakuna atakayeikumbuka.

Sisi upande wetu tumeshafanya kazi. Kila kitu kina namba, picha, jina la aliyeleta na alichosema kifanyiwe. Vya michezo vyenye barua ya kuuzwa viko chumba cha nyuma, tutatangaza bei wazi, kila mauzo na risiti, na mwisho wa mwezi tubandike hesabu mlangoni. Wachongaji wetu pia, na Ukambani tangu uchongaji uanze kule Wamunyu hatujawahi kukosa mikono, wamekubali kutengeneza pinde mpya na mishale butu isiyo na sumu tuuze pale mlangoni, mgeni aende na kumbukumbu na mchongaji apate chake. Familia ambayo ingependa kurudishiwa upinde wake badala ya kuuacha kwa huu wasiwasi, tutaurudisha, na nasema hivyo nikijua tutaumia.

Tunaomba barua moja tu kutoka kwa ofisi yako kabla ya siku ya mnada, inayotenganisha hivyo vitu viwili na kusimamisha uuzaji wa pinde, podo na mishale ya familia, halafu waziri wako wa fedha atupe siku tuje tuongee juu ya huo mfuko. Daftari letu liko tayari, tutakuja nalo pamoja na wazee watatu wanaojua chapa za koo, na ukitaka kuja wewe mwenyewe tuko wazi kila siku isipokuwa Jumatatu.

Wako,
Mwanakamati, kwa niaba ya wanaojitolea