Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 12 Desemba 2024

Ndugu wanachama,

Poleni na safari, hasa mliotoka Lamu na Kilifi, na ahsanteni kwa kuacha sherehe za Jamhuri majumbani mwenu mkaja kuketi nasi. Siku hii tuliichagua makusudi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni kwenye pwani yetu, ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza vyanzo vya eksirei angani. Kwa kuienzi siku hiyo na wenyeji waliowapokea, Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo wa NASA, na wenzake waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mwaka jana mlitupa kazi moja: kuichukua orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na kuvitia vyote kwenye ramani ya anga yenye maelezo ya Kiswahili. Nina furaha kuwaambia kwamba ramani iko ukutani nyuma yangu. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni jinsi ilivyofika hapo.

Tuligawana anga. Longitudo ya anga huhesabiwa kwa saa 24 (si saa zetu za kuanzia alfajiri, jambo lililotuchanganya wiki ya kwanza), na wanachama 12 walijitolea, kila mmoja saa mbili. Mgao ulikuwa sawa kwa saa, lakini kwa kazi haukuwa sawa kabisa. Aliyepewa saa ya 17 na ya 18 alikuta vyanzo vimesongamana kama watu kivukoni, kwa kuwa huko ndiko kiini cha Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu, kiliko. Mwenzake wa saa ya 10 alimaliza jioni moja akaenda kumsaidia. Bila kusoma kitabu chochote, wote wawili waliliona kwa vidole vyao jambo ambalo timu ya Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti wa Uhuru, ililisoma katika vipimo: vyanzo vingi vyenye nguvu vimejipanga kwenye ukanda wa galaksi yetu, na vile vilivyotawanyika mbali na ukanda huo vingi ni vya galaksi nyingine na vishada vya galaksi.

Vijana walituuliza kila mara: Uhuru ilijuaje chanzo kiko wapi, na haikuwa na kioo cha darubini? Jibu bora lilitoka kwa mwanachama wetu mvuvi. Alisema mvuvi akitaka kurudi kwenye mwamba wenye samaki, huulinganisha mnazi fulani na paa la msikiti, kisha hulinganisha alama mbili nyingine za upande wa pili. Mistari inapokatana ndipo anapotia nanga. Uhuru ilifanya vivyo hivyo. Ilikuwa na vihesabio viwili vya eksirei vilivyotazama pande mbili zinazoelekeana kinyume, kila kimoja kikiwa na vizuizi mbele yake. Kimoja kiliona ufa wa anga wenye upana wa nusu digrii na urefu wa digrii 5. Cha pili kiliona mraba wa digrii 5 kwa 5. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, na kila ufa ulipopita juu ya chanzo hesabu ilipanda kisha ikashuka. Hapo ulipatikana mstari mmoja. Mhimili ulipoelekezwa kwingine ulipatikana mstari wa pili, na makutano yake yakatoa eneo dogo ambalo chanzo kimo ndani yake. Kamati ya istilahi ilibishana vikao vitatu, na hatimaye eneo hilo tumeliita "kisanduku cha shaka". Kwenye ramani mtaona vingine ni vidogo kama punje ya mchele na vingine ni virefu kama kipande cha uzi. Tumevichora kama vilivyo, maana nukta nadhifu ingedai uhakika ambao vipimo havikuwa nao.

Sasa nieleze kosa, nalo ni langu. Mwezi Mei tulikuwa tumekwisha kuchoma pini zaidi ya mia. Mwanachama mmoja ambaye kila mwisho wa mwaka huitazama Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, kwa darubini yake (msiichanganye na nyota za Kaa za falaki, hii iko katika Ng'ombe, kundi lenye Kilimia) alisimama mbele ya karatasi kwa muda, kisha akasema, "Mwenyekiti, Kaa wetu amehama." Pini ilikuwa imesogea magharibi, mbali na nyota ya pembe ya Ng'ombe kuliko inavyopasa. Tulipima kwa rula: kama digrii 0.7, zaidi ya upana wa mwezi mpevu. Mhimili wa Dunia huyumba polepole kama pia, kwa hiyo gridi ya anga nayo huhama mwaka hadi mwaka. Orodha ya Uhuru ilitumia gridi ya mwaka 1950. Karatasi niliyowanunulia ilikuwa ya mwaka 2000. Jina lenyewe lilikuwa limetuambia: chanzo hicho huitwa 4U 0531+21 (4U ni orodha ya nne ya Uhuru, ndiyo hii ya mwisho), yaani saa 5 dakika 31, digrii 21 kaskazini, ilhali kwenye karatasi yetu Kaa yuko saa 5 dakika 34. Pini zote ziling'olewa. Naomba radhi kwa waliorudia kazi, na namshukuru aliyeliona kosa.

Si uchoyo wa vipimo kung'ang'ania sehemu za digrii. Chukueni Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kilicho katika kundi la nyota la Cygnus. Uhuru iliona eksirei zake zikibadilika kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikajulikana kwamba kitu hicho ni kidogo mno, lakini kisanduku chake kilikuwa na nyota nyingi. Mwaka 1971 darubini za redio zilinasa hapo chanzo kipya, kilichozuka wakati uleule eksirei zilipobadilika, na redio ilitoa mahali kwa usahihi mkubwa: penye nyota HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaipima nyota hiyo na kukuta inazungushwa kila siku 5.6 na mwenza asiyeonekana, mzito kupita kiasi cha nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyokufa. Ndivyo shimo jeusi la kwanza lilivyopata anwani.

Mwezi Septemba tulizuru shule mbili. Msichana mmoja wa darasa la saba alipiga makofi kila baada ya sekunde 4.8, mapigo ya Centaurus X-3, chanzo ambacho eksirei zake hupanda na kushuka kama moyo, hadi darasa zima likamfuata. Kisha tukajaribu kuwanyamazisha, tukaeleza kwamba chanzo hicho hufichwa na nyota mwenzake kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi. Walikataa kunyamaza. Ziara hizi ziendelee.

Mwaka wenyewe ulianza na habari kubwa. Tarehe 31 Januari wanasayansi wa Ujerumani walitoa orodha ya kwanza ya eROSITA, darubini ya eksirei iliyo angani: vyanzo takriban 900,000 katika nusu ya anga. Mwanachama mmoja aliuliza kama kazi yetu ya 339 bado ina maana. Kwangu mimi ina maana kubwa. Majina yanayoanza na 4U bado yanaandikwa katika makala za leo, na hiyo U ni neno letu, lakini mtoto wa Ngomeni hana pa kulisoma kwa lugha yake.

Fedha: hesabu kamili atazisoma mweka hazina. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana. Deni la karatasi na pini limelipwa. Lililobaki ni gharama ya kuchapisha, na duka tulilolitumia kwa majaribio lilikata ukingo wa kusini pamoja na vyanzo vinne, hivyo tunatafuta jingine.

Katibu ameomba kupumzika baada ya miaka sita; fomu za kumpendekeza mrithi wake ziko mezani mlangoni. Baada ya chai basi litatupeleka ufukweni Ngomeni. Chukueni kofia na maji, na wenye darubini za mkono wazilete.

Mwenyekiti