Kaka wa shati la bluu, asante

Kaka uliyekaa na mimi kwenye benchi hapa Kampala tukisubiri mtihani wa kuongea wa IELTS, ule wa Kiingereza, jina lako hata sikuuliza, asante sana jamani! Mi nilikuwa nakariri Burj Khalifa, lile jengo refu la Dubai, mita 828, ilifunguliwa 2010, ukacheka ukaniambia achana na Dubai, ongelea jengo ulilolipanda kwa miguu yako. Kadi ya mada si ikaja kweli, jengo refu! Dakika moja ya kujiandaa, penseli inatetemeka, nikaandika neno moja tu, mnara. Nikamwelezea yule mama mtahini mnara wa msikiti wa Old Kampala, ngazi zinazunguka mpaka magoti yanalia, halafu huko juu unaona teksi za paki zimebanana nyeupee kama mchele uliomwagika. Muda ukaisha, akanikatisha bado naongea. Soda yako ipo kaka.