Msiiache "eti" stendi: barua kwa vijana wa bodaboda, Tandahimba

Wajukuu zangu, salaam.

Nawaandikia ninyi kwa sababu habari za wilaya yetu hupanda pikipiki zenu kwanza, ndipo zifike vijijini.

Oktoba 2018 wakulima tulizikataa bei za mnada wa korosho. Siku zile kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kijana mmoja wa bodaboda alinishushia mfuko wa chumvi, hata pikipiki hajaizima, akaniambia, "Babu, korosho hazinunuliwi tena mwaka huu." Usiku uleule nikawaita watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Mjukuu wangu alishika tochi. Walijaza debe likafura juu, wakalitikisa zikashuka, wakaongeza tena, na hilo likahesabiwa debe moja. Novemba Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yaliwachelewea wengi, ni kweli, ila mimi sikuwa na hata kilo ya kudai.

Baadaye nikamuuliza yule kijana alisikia wapi. "Stendi walisema eti hazinunuliwi." Eti! Mimi hiyo "eti" hakuniletea.

Wazee wetu walituachia maneno ya kupimia habari. Fununu ni harufu tu, chakula hujakiona. Tetesi zimo katika kuteta, watu wananong'ona pembeni. Uvumi huvuma kama ngoma ya usiku, unaisikia na hujui inachezwa kiwanja gani. Na "eti" ndiyo nyepesi kuliko yote: ukiitamka, msikilizaji anajua kwamba umeambiwa, hukuona. Ukiinyamazia, umejifanya shahidi.

Najua mtanijibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo anaambiwa msikilizaji, asipuuze, akachunguze. Msemaji haimpi ruhusa ya kuongeza chumvi. Inaniuma kuisikia ikitumika kufunika uongo.

Msimu umekaribia. Bei za mnada husomwa hadharani, za juu na za chini, mbele ya wakulima wenyewe. Aliyekuwepo aseme, "Nilikuwepo, nimesikia." Asiyekuwepo aseme, "Eti," amtaje na aliyemwambia. Hasa mnapowabeba bibi zenu wenye magunia mawili matatu ndani, wasio na simu ya kuulizia chama cha msingi, ule ushirika wetu wa wakulima.

Nami nikikuuliza, "Nani kasema?" usinune, mjukuu wangu. Zima pikipiki, unijibu.

Babu yenu,
Tandahimba, Mtwara