Tusiisingizie dini yote yaliyofanywa na serikali ya kikoloni dhidi ya michezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni kuhusu michezo ya zamani, ambamo mwandishi alieleza kwamba enzi za ukoloni dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki zilikuwa adui wa michezo, na kwamba serikali ndiyo iliyowafungulia vijana viwanja. Kauli hiyo imeenea, na nimeisikia hata kwa walimu wenzangu katika miaka niliyofundisha historia. Sidhani kwamba wanaoitoa wanakusudia kupotosha. Ila wanatia katika chungu kimoja mambo matatu ambayo wazee wetu waliyajua kuwa ni mbalimbali: hukumu ya sheikh juu ya mchezo, hofu ya mmisionari juu ya ngoma, na kibali cha Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Yakishachanganywa hivyo, aliyekuwa na askari na faini anaondoka bila lawama, na mzigo wote anatwishwa aliyekuwa na mimbari tu.

Nianze na Waislamu wa pwani, kwa kuwa wao ndio walioonewa zaidi katika makala ile. Wanazuoni wetu, ambao wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, hawakuwa na hukumu moja kwamba mchezo ni haramu, wala wasingeweza kuwa nayo. Kila aliyesomeshwa hadithi alijua kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina siku ya Idi, naye akamwachia Bibi Aisha awatazame hadi alipotosheka. Walichokihoji ni mambo yanayoambatana na mchezo: kamari, ambayo Kurani imeikataza pamoja na ulevi katika Surat al-Maida; kupitwa na sala; na kufunua uchi, ambao kwa Mashafi, kwa upande wa mwanamume, ni baina ya kitovu na magoti. Sasa, mpira wa miguu ulichezwa jioni, baina ya alasiri na magharibi, na wachezaji walivaa kaptula. Mtu akisimuliwa kwamba sheikh fulani alimkemea mjukuu wake kwa kwenda mpirani, aulize kwanza kama alikemewa kwa kukimbia, au kwa kurudi nyumbani magharibi imekwisha kusaliwa.

Bao linaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko mpira, na ninashangaa kwamba makala ile haikuligusa. Katika vitabu vya fikihi, yaani sheria za dini, mchezo wa dadu umekatazwa kwa hadithi, lakini sataranji, ambayo ni mchezo wa hesabu, wanazuoni wengi wa Kishafi waliiona kuwa makuruhu tu, yaani haipendezi lakini si haramu, maadamu hakuna kamari wala sala inayopuuzwa. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu hata kidogo. Anayeshinda ni yule anayeweza kuhesabu mbele zaidi, tangu kete za mwanzo zinaponamuliwa, yaani zinapoingizwa moja moja, mpaka mchezo unapoingia kwenye mtaji, kete za mkononi zikiwa zimekwisha. Ndiyo maana lilikaa barazani, mbele ya nyumba za watu wenye heshima zao, hatua chache kutoka msikitini. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mtu wa msikiti, alikuwa na mwenzake wa bao aliyekuwa katekista wa kanisa la Kianglikana, na bibi alitusimulia kwamba adhana ya magharibi ikilia wote wawili waliinuka, mmoja akaenda kutawadha na mwingine akaelekea kwenye sala yake ya jioni, na sisi wajukuu tulionywa tusiguse kete hata moja mpaka warudi. Hakuna sheikh wala padri aliyewatenga kwa ajili hiyo. Na katika zama za baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeshika sana ibada ya misa, alijulikana nchi nzima kwa kupenda bao.

Sisemi kwamba hapakuwa na ubishi. Ulikuwepo, tena mkali, lakini ulikuwa ubishi wa ndani ya nyumba. Pale Lamu, Habib Saleh, aliyezaliwa Ngazija na kufariki katika miaka ya 1930, aliposomesha watu ambao waungwana wa mji waliwaona wa chini, na aliporuhusu maulidi yasomwe kwa matari katika msikiti wa Riyadha, wapo wanazuoni waliompinga vikali kwa kuingiza ngoma katika nyumba ya ibada. Wafuasi wake walijibu kwa hoja za dini hiyohiyo. Swali lao lilikuwa mahali pa furaha katika ibada, nani ana haki ya kuingia nayo msikitini na kwa chombo gani, na maulidi ya matari yanasomwa Lamu hadi leo. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na baadaye Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia Waislamu kwa Kiswahili akiwalaumu kwa ubadhirifu na kwa kuwaiga Wazungu katika anasa zao huku wakiacha kuwaiga katika elimu na bidii. Ukimsoma upesi utadhani anapiga vita starehe. Ukimsoma taratibu utaona kwamba kilichomuuma ni kuona watu walio chini ya utawala wa wageni wakitumia fedha na muda wao kwa mambo yasiyowainua. Huo si uadui na michezo, na yeyote aliyewahi kuona fedha za mahari zikiishia katika mashindano ya ngoma ataelewa kilichomsukuma.

Kwa upande wa misheni, makala ile ilisema nusu tu. Ni kweli kwamba wamisionari wengi walichukia ngoma. Lakini walioleta mpira wa miguu katika visiwa na pwani yetu ni hao hao, pamoja na Waingereza wengine wa kazi za kiserikali na za biashara. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, waliohamia Unguja mwaka 1864, walikuwa na shule Kiungani kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani, na mpira ulichezwa pale kabla ya karne ya 19 kwisha. Walikuwa wametoka katika vyuo vya Uingereza ambako ilisadikiwa kwamba kiwanja humfundisha kijana utii, uvumilivu na kumtumikia mwenzake, na wakaona mafundisho hayo ni sehemu ya Ukristo wenyewe. Imani hiyo ilidumu: Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuwa mkuu wa shule ya Maseno nchini Kenya tangu 1928 na wa Alliance, Kikuyu, kuanzia 1940 hadi 1962, aliutazama mpira kama sehemu ya malezi kama alivyoitazama hesabu.

Basi kwa nini mkono uleule uliogawa mpira ulipokonya ngoma? Jibu la kwamba dini yao ilichukia starehe halitoshi. Ngoma kwao ilikuwa na mambo ambayo mpira haukuwa nayo. Ilichezwa usiku, nje ya macho yao. Ilikuwa na pombe. Ilikuwa na nyimbo ambazo walizielewa nusu, na nusu waliyoielewa iliwatia aibu. Zaidi ya yote, nyingi zilikuwa sehemu ya jando, matanga au matambiko, yaani zilikuwa na mafundisho yao, na kanisa likaona linashindana na kanisa jingine. Mpira ulikuwa na filimbi, mistari ya chokaa na mwalimu anayesimama pembeni. Tofauti hapo ni ya nani anayeongoza mchezo, na jambo hilo ni la mamlaka kabla halijawa la dhambi.

Na hata katika ngoma wamisionari hawakuwa kitu kimoja. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilichukua akaliingiza katika maisha ya kanisa, vijana wakatahiriwa na kufundishwa porini chini ya mapadri na wazee Wakristo, huku mambo aliyoyaona hayafai yakiondolewa. Wapo wazee waliolalamika kwamba jando limeibwa, na nadhani walikuwa na haki ya kulalamika, lakini huwezi kusema mtu huyo alikuwa adui wa mila. Kwa Wachagga, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig aliandika na kutetea desturi za ukoo na rika kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, misheni za Kiprotestanti za Ukikuyuni, kama ile ya Waskoti na AIM (Africa Inland Mission), ziliwataka waumini wao wajitenge kabisa na ngoma.

Naomba niongeze jambo ambalo halitawapendeza wanaopenda kuwatupia wageni kila lawama. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Bukoba, Kenya na kwingineko, uliongozwa kwa sehemu kubwa na Waafrika wenyewe, na walokole hao waliacha ngoma na pombe kwa hiari yao, wakati mwingine wakiwa wakali kuliko wamisionari waliowabatiza. Bibi zetu waliotupa shanga za ngoma kwa sababu wameokoka hawakulazimishwa na mtu. Walikuwa na dhamiri zao, na historia inayowageuza wajinga waliodanganywa inawakosea adabu.

Sasa nije kwa serikali, ambayo makala ile iliipa sifa ya ukarimu. Tangu wakati wa Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, kucheza ngoma mjini kulihitaji kibali. Watu walikwenda bomani, yaani kwenye ofisi ya serikali ya wilaya, kukiomba, wakapangiwa mahali na saa ya kumaliza, na aliyepiga ngoma bila karatasi hiyo alishitakiwa. Sheikh alikuwa na nasaha yake, padri alikuwa na uwezo wa kumzuia mtu asipokee komunyo, lakini ni boma peke yake lililoweza kumtia mtu ndani kwa sababu ya ngoma.

Boma nalo halikuwa na shauku yoyote ya uchamungu. Liliogopa mikusanyiko. Angalia beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwa kuiga bendi za tarumbeta, ikaenea Tanganyika hadi bara pamoja na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni wao, vilisaidia wagonjwa na kuzika wafu, na vilikuwa na matawi katika miji mingi ambako mwanachama mgeni alipokewa kama ndugu. Maafisa wa Kiingereza walikosa usingizi wakijiuliza kama nyuma ya tarumbeta hizo kuna siasa. Mgomo wa wachimba shaba wa Copperbelt, katika Zambia ya leo, ulipotokea mwaka 1935, tume ya uchunguzi iliulizia pia habari za Mbeni, kama beni ilivyoitwa huko. Ukikuyuni, muthirigu, ngoma ya nyimbo iliyozuka mwaka 1929 wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana, ikiwakejeli wamisionari, machifu na maafisa kwa majina, ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1930. Hapo misheni na boma walikuwa upande mmoja, sikatai. Lakini amri ya kupiga marufuku haikutoka madhabahuni.

Hata viwanja vinavyosifiwa havikuwa zawadi kwa wote. Gofu, tenisi na kriketi zilikuwa na klabu zake, na rangi ya mtu ndiyo iliyokuwa kadi ya kuingilia. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda kwa jina la mtengenezaji wa sabuni, na serikali ililifurahia kwa sababu kijana aliye kiwanjani saa kumi na moja jioni anaonekana alipo. Waliojenga mpira ule ni vijana wa mitaa waliochanga senti zao na kucheza pekupeku: Young Africans ya Dar es Salaam mwaka 1935, klabu ambayo leo tunaiita Simba mwaka 1936, Malindi ya Unguja mwaka 1942. Katika timu za pwani wengi wa vijana hao walikuwa Waislamu waliosoma chuo cha Kurani asubuhi, na mashabiki waliowashangilia ndio hao hao waliojaza misikiti siku ya Ijumaa. Kama dini yao ingekuwa adui wa mpira, timu hizo zingepata wapi wachezaji?

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu linagusa maamuzi ya leo. Katika mtaa ninaoishi, kamati moja iliwaondoa wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya mwembe kwa hoja kwamba dini imekuwa ikikataza jambo hilo tangu zamani. Nilipouliza ni dini gani, na zamani ipi, sikupewa aya wala hadithi wala waraka wa kanisa. Nilitajiwa sheria ndogo ya mji kuhusu mikusanyiko, ambayo maneno yake, kwa masikio ya mtu aliyefundisha historia, ni yaleyale ya vibali vya ngoma.

Kwa hiyo ninamwomba mwandishi wa makala ile arudi kwenye kazi yake, na ninakuomba wewe, mhariri, umpe nafasi ya kufanya hivyo. Kumbukumbu za wilaya za wakati wa Waingereza zipo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na yaliyohusu Unguja na Pemba yapo katika Nyaraka za Zanzibar. Azisome, kisha awatafute wazee wa umri wa miaka themanini na zaidi, wa msikiti na wa kanisa, awaulize nani aliwazuia kucheza, kwa maneno gani, na nini kilimpata aliyekaidi. Tuwawahi wakingali hai.

Mwalimu mstaafu,
Tanga