Sumu ya dawa ya ganzi ikizidi mwilini: someni kabla ya zamu
Wenzangu wa thieta (chumba cha upasuaji) hapa Kisumu, hamjambo. Pigeni hesabu kabla ya sindano: bupivakeini, dawa ya ganzi, ya 0.5% ina mg 5 kwa kila ml, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 50, kwa kikomo cha mg 2 kwa kilo, asizidi ml 20. Akisema midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, acha kudunga papo hapo. Oksijeni kwanza; akipata degedege, mpe midazolamu, dawa ya kuituliza. Kisha mafuta ya mshipani ya 20%, yanayopunguza sumu hiyo: ml 1.5 kwa kilo kwa dakika 2 hadi 3, halafu ml 0.25 kwa kilo kila dakika. Propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe vilevile, lakini si mbadala, inashusha presha. Moyo ukisimama, endelea kubonyeza kifua, adrenalini isizidi maikrogramu 1 kwa kilo kila dozi. Chupa ya mafuta ikae thieta, si stoo ambayo mwenye ufunguo yuko lanchi.