Redio yako imefika

Mwanjelwa, Mbeya

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi. Kondakta alinifikishia redio yako ya masafa mafupi jana jioni, imeviringishwa kwenye kitenge, nami nikaifungua usiku uleule.

Uliniandikia kwa hasira kwamba walioitengeneza ni wabahili, hawakuweka hata tundu la antena ya nje. Kwa hilo nawatetea. Transista ya kwanza, ile inayopokea mawimbi kutoka kwenye antena, imekufa, na nina hakika kilichoiua ni ule waya ulioufunga kutoka juu ya mparachichi. Mvua za Makete unazijua. Hata radi isipopiga karibu, waya mrefu hujikusanyia umeme, na transista laini kama ile haiuhimili. Halafu kumbuka ulivyonieleza: ukifunga ule waya usiku, Mchina anaongea juu ya Mwarabu kila unapozungusha. Redio ndogo haina machujio ya maana mlangoni. Ukiimiminia mawimbi makali kwa mkupuo inazidiwa, inazaa stesheni hewa, yaani zisizokuwepo kweli mahali unapozisikia. Mtengenezaji analijua hilo: akiweka tundu, mteja atachomeka mita 30 za waya, kisha airudishe dukani akidai ni mbovu.

Kuhusu kutoweka SSB, ule mtindo wa kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, pia siwalaumu sana. Ile sauti ya bata uliyoikuta ni watu wanaoongea kwa mtindo wa redio kol, kama zile za misheni na polisi. Kuifanya ieleweke kunataka kitafutio cha hatua ndogo mno na saketi isiyoyumba, ilhali stesheni za matangazo karibu zote hurusha kwa AM ya kawaida. Wanunuzi wengi wangelipia kitu wasichokigusa.

Kinachoniuma ni kingine. Ndani nimekuta chipu ya Silicon Labs, Si4734. Chipu hiyo tayari inaweza kupokea AM kwa upana wa kilohezi 6, 4, 3, 2 au 1; upana ukiwa mdogo, stesheni jirani hukatwa. Redio nyingine ndogo, Tecsun PL-380, inatumia chipu ya ukoo huohuo, na mwenye redio anajichagulia upana mwenyewe. Yako imefungwa kwenye upana mmoja tu, hakuna kitufe. Stesheni za masafa mafupi hupangwa kila kilohezi 5, kwa hiyo jirani mwenye nguvu akiingia, huna pa kukimbilia. Kazi ngumu ilishafanywa ndani ya chipu! Kilichobaki ni kitufe na mistari michache ya programu, nao wakakiacha ili anayekitaka anunue redio ya bei kubwa zaidi. Mzee aliye kijijini, ambaye redio ndiyo dunia yake, ndiye anayekosa.

Transista nimebadilisha, inaongea vizuri. Humo kwenye kitenge nimekuwekea mita 5 za waya mwembamba wenye kibanio. Utandaze ndani, chini ya kenchi, ubane kwenye antena ya kuvuta. Wingu likifunga, uchomoe kwanza ndipo uanue mahindi.

Msalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Fundi