Lile jina la mzee

Kigoma,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Evariste,

Habari za siku? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetufungia ndani. Tangu usiku ule mzee alipotuambia kwamba jina lililo kwenye kadi yake ya ukimbizi silo alilopewa na mama yake, sijatulia. Uliinamisha kichwa kama mwenye aibu, nami sikupata la kusema. Sasa ninalo: ni kisa cha wakimbizi wengine walioacha majina yao.

Mwaka 1940 Uingereza iliwakamata maelfu ya wakimbizi wa Kijerumani na Austria, wengi wao Wayahudi, ikawaweka kizuizini, hasa Kisiwa cha Man. Watu waliomkimbia Hitler wakaitwa raia wa adui! Wengine walipakiwa meli ya Dunera hadi Australia. Walioachiwa wakajiunga na jeshi walipelekwa kwenye kikosi cha suluba, kuchimba na kubeba.

Mwaka 1942 wakubwa wakaona wanahitaji watu wanaojua Kijerumani cha nyumbani. Katika Kikosi cha 10 cha makomando, kilichokusanya Wafaransa, Waholanzi, Wabelgiji, Wanorwe na wengineo, kombania ya 3 ikawa ya wakimbizi hawa. Hawakuwa wengi. Mkuu wao alikuwa Bryan Hilton-Jones, na mazoezi yao yalikuwa Aberdovey, pwani ya Wales.

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha jina. Wangetekwa wakajulikana, wangeuawa kama Wayahudi na kama wasaliti. Kila mmoja akachagua jina la Kiingereza, na wengi walibakiza herufi zao za mwanzo. Claus Ascher akawa Colin Anson. Manfred Gans akawa Fred Gray. Hizo herufi ndizo zinazoniuma, Evariste: mtu ananyang'anywa kila kitu, bado anashika herufi moja kama anayeshika upindo wa kanga ya mama yake. Kisha akatunga na kisa cha kueleza lafudhi yake.

Juni 6, 1944 walishuka Normandy, pwani ya Ufaransa, wamegawanywa wachache wachache kwenye vikosi vingine, wakihoji mateka na kunyemelea ngome za adui usiku. Baadhi ya waliouawa walizikwa kwa jina la bandia, chini ya msalaba, nao Wayahudi.

Gans alinusurika. Mei 1945, vita ilipokwisha, alichukua jipu akaivuka Ujerumani iliyobomoka hadi Theresienstadt, kambi ya mateso ya Wanazi huko Chekoslovakia. Wazazi wake walikuwa hai. Baba alikuwa amekonda mno, hata mwanawe nusura asimtambue.

Nilipofika hapo katika kisa hiki nilimkumbuka mzee, na jinsi alivyoikunja ile kadi mara mbili kabla ya kuirudisha mfukoni.

Nitakuja Jumamosi na dagaa. Muulize kama ataniruhusu nimwite kwa lile jina la kwanza. Akikataa, sitamsumbua tena.

Rafiki yako,
Hamisi